Mshale Uliokwama

Ijumaa, Kasulu

Nilimwambia jirani yangu, Mama Yolanda, kwamba upepo uligeuka ghafla, lakini haukugeuka. Ulivuma kuelekea kwake tangu asubuhi. Kilichokwama ni kielekezo changu cha upepo. Nilitoboa tundu likaubana msumari barabara, maana sipendi kitu kinacholegea. Mvua ya juzi ikaivimbisha mbao, na mshale ukabaki ukionyesha kwamba upepo unatoka kwake.

Alinionya kabla sijaanza kupepeta maharage: "Mwalimu, rusha makapi kidogo kwanza, uone yanakokwenda."

Nikamjibu kwamba kipimo ni kipimo. Makapi yote yakaangukia mihogo aliyoianika.

Hakugomba. Alicheka tu. "Haya, ukimaliza kuufundisha upepo, njoo tuchambue."

Sikwenda. Nilikishusha kielekezo, nikalipanua tundu, nikalipaka mafuta. Sasa mshale unazunguka hata kwa upepo mdogo, nami nilisimama kuutazama, nikafurahi.

Yeye bado yuko uani kwake, ameinama juu ya mkeka, anaondoa makapi moja moja. Namwona kutoka hapa dirishani.

Nami nimepata muda hata wa kuandika haya.