Nimemnyang'anya Mavyaa Kisu Juu ya Kaunta Yangu

Shangazi Consolata, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Makorora, nakusoma kila Jumamosi na mara nyingi nakubaliana nawe, kwa hiyo leo nakuomba uwe upande wangu, na kama huwezi basi uniambie ukweli taratibu, maana nyumba yangu imegawanyika pande mbili na upande wangu niko peke yangu.

Naitwa Mwanamkasi, ni fundi cherehani, na kibaraza changu cha kushonea kimepakana na karakana ya fundi Rahimu anayetengeneza milango na vitanda, na kwa miaka sita nimekuwa nikiona vipande vizuri vya mninga na mvule na mkongo vinatupwa nje ili watu wakachukue kuni, roho inaniuma, mpaka mwaka jana nikaona kwenye simu mtu anatengeneza kaunta ya jikoni kwa vipande vidogo vidogo vilivyosimamishwa wima, yaani ukiitazama kwa juu unaona vichwa vya mbao, huoni ubavu wake, na kisu kikishuka kinaingia katikati ya nyuzi badala ya kuzikata, kwa hiyo kisu hakipotezi makali na mbao haichaniki. Nikasema hii ndiyo yangu. Nilipomwambia Rahimu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Dada Mwanamkasi, mbao si kitambaa." Nikamwambia haya, tutaona.

Shangazi, mbao ni kitambaa. Unachana vipande virefu, unavigandisha kwa gundi, cheusi na chekundu kwa zamu, vikikauka unakatisha upya unapata mikanda, halafu kila mkanda wa pili unaugeuza ili rangi zipishane, unaisimamisha yote na kuigandisha tena. Hiyo ni kazi ya shuka la viraka, naifanya tangu nikiwa msichana. Msumeno alishika Rahimu mwenyewe kwa kunihurumia, na jiriwa za kubania aliniazima siku za Ijumaa alipofunga karakana, lakini kusawazisha ni mikono yangu hii, kwa sababu randa ikipita kwenye vichwa vya mbao inang'oa vipande pembeni, kwa hiyo nilisugua kwa msasa, mkali, wa kati, laini, wiki saba nzima, wateja wangu wanapokea magauni yana vumbi la mninga na mimi nawaambia kung'uta tu. Watu wakaniambia nipake mafuta ya nazi, nikajaribu kwenye kipande cha pembeni, baada ya wiki mbili kikanuka uvundo, nikaenda duka la dawa nikanunua mafuta ya parafini, yale wanayopewa watu waliofunga choo, muuzaji akanipa pole, nikayachemsha na nta ya nyuki nikapaka hayo. Rahimu akataka kuibana ukutani kwa saruji kama tulivyozoea kaunta za zege, nikakataa, nikaacha nafasi ya unene wa kidole kila upande, maana masika mbao inavimba na lazima ipate pa kwenda. Na masika yamekuja, Shangazi, nyumba mbili za jirani milango haifungi, kaunta yangu imetulia tuli.

Siku walipoiweka juu ya makabati Rahimu akaweka pima maji, akatazama, akaondoa, akapitisha kiganja kutoka mwisho huu hadi ule, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii mikanda uliihesabu vipi mpaka rangi zikapishana hadi ukutani?" Nikamjibu, kama ninavyohesabu marinda. Sijawahi kufurahi vile katika maisha yangu, hata siku ya harusi yangu nilikuwa na wasiwasi wa viatu.

Sasa tatizo. Sikutaka mtu aiguse. Niliifunika nailoni, juu yake kitambaa cha meza, watoto nikawakataza kuweka hata kikombe, na mume wangu Abdulhakim akawa anakata nyanya juu ya sahani aliyoipakata. Mimi mwenyewe vitunguu nakatia kwenye kibao changu cha zamani, chini, nimekaa kwenye kigoda, kaunta iko juu yangu inang'aa. Usinicheke. Kuna mama wa Raskazone amesikia habari zake na anataka kuja kuiona ili nimtengenezee ya kwake, nikaona lazima aikute haina hata mkwaruzo.

Basi Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, mama mkwe wangu Bi Maryam akaja na mawifi zangu wawili. Mavyaa ni mzaliwa wa Pemba, ameuza samaki wa kukaanga hapa Makorora miaka thelathini, ndivyo alivyomsomesha Abdulhakim. Hakuuliza neno. Akaingia jikoni, akatoa nguru mzima kwenye kikapu, akafunua kitambaa, akafunua nailoni, halafu akatoa kisu chake mwenyewe alichokifunga kwenye kipande cha kanga, amekuja nacho kutoka nyumbani kwake kana kwamba vyangu havikati, akasema bismillahi, akakishusha mara moja. Alipokiinua mara ya pili nikamshika mkono, nikamnyang'anya, nikamwambia, "Mama, hapa si genge la samaki."

Mavyaa alinitazama, akanyoosha mkono nikamrudishia kisu chake, akakifunga kwenye kanga polepole, akanawa, akasema, "Haya mwanangu. Mie nikajua n'nakuja kwangu." Akaondoka hata chai hakunywa. Ile alama aliyoacha, urefu wa kidole, niliisugua kwa msasa kabla ya magharibi ikapotea kabisa.

Tangu siku hiyo hajaja. Nikimpelekea salamu zinarudi. Abdulhakim amesema Idd hii yeye na watoto watakula kwa mama yake, na mimi nibaki na mbao zangu, na zimebaki siku kumi, Shangazi, siku kumi, na hii ingekuwa Idd yangu ya kwanza ya kupikia ukoo mzima jikoni kwangu. Kumuomba radhi nataka, lakini kila nikitaka kuvaa buibui nitoke nasikia hasira, kwa sababu katika nyumba hii hakuna hata mmoja aliyeniambia Mwanamkasi, umefanya kazi, wote wanaona nimeweka kitu mbele ya mtu, na nikienda kupiga magoti itakuwa nimekubali kwamba miezi yangu yote ilikuwa upuuzi. Niombe radhi, au nisimame na kazi yangu mpaka waiheshimu? Naomba unijibu kabla ya Idd.

Mwanamkasi, Makorora

*

Mwanamkasi, marahaba.

Nianze na lile ulilolikosa nyumbani, nisije nikakugombeza ukiwa na njaa. Umefanya kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Mwanamke mwenye cherehani amechukua kuni za karakana akazifanya kitu ambacho fundi wa milango hakijui, akakataa nazi, akakataa saruji, na masika yakaja yakaiacha kazi yake salama. Hongera sana, na si hongera ya mdomoni. Abdulhakim akisoma hapa, na ninajua atasoma, ajue kwamba mtu anayepakata sahani ya nyanya wiki kadhaa pasipo kumwambia mkewe "hii ni nzuri" ana deni lake pia, na asijifiche nyuma ya mama yake.

Nimemaliza kukubembeleza. Sasa kaa vizuri.

Umemshika mkono mkweo, mbele ya binti zake, ukamwambia habari ya genge la samaki. Genge hilo ndilo lililokulelea mume. Hilo peke yake lingetosha kukutoa nyumbani kwenda kuomba radhi siku ileile, ungali na harufu ya nguru, na wewe umekaa wiki tatu unapima kama heshima yako itapungua. Hapo sina la kukutetea hata kidogo.

Lakini kosa lako kubwa zaidi ni kwamba hukumwelewa, na ushahidi umeniandikia wewe mwenyewe kwa mkono wako. Unalalamika kwamba alikuja na kisu chake. Dada yangu, baba yangu aliuza nyama kambi ya mkonge maisha yake yote. Alikuwa na gogo la kukatia, limesimamishwa wima kama hivyo vipande vyako, na alikuwa na kisu ambacho mama yangu hakuruhusiwa kumenyea hata embe. Watu wa kazi hiyo kisu chao hakiazimwi na hakitembezwi. Nilimwona baba akibeba kisu chake kwenda kwenye gogo la mtu mwingine mara moja tu, siku rafiki yake Ernesti alipofungua bucha. Kata ya kwanza alikata yeye, watu wakapiga makofi, Ernesti akatokwa na machozi.

Sasa mtazame mavyaa wako. Mwanamke wa miaka thelathini ya samaki ananunua nguru mzima, anakifunga kisu chake kwenye kanga, anawachukua binti zake wawili wawe mashahidi, anavuka Makorora, anaingia jikoni kwako na kutaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya mbao zako. Unadhani alikuja kukukomoa? Alikuja kukuzindulia kaunta. Wewe unasubiri mtu katika ukoo akuambie umefanya kazi, na aliyekuja kukuambia ni yule anayejua kukata kuliko nyote, akakuambia kwa njia anayoijua. Ukamnyang'anya. Halafu ukachukua msasa ukaifuta hongera yake.

Na ulikuwa unaogopa nini hasa? Wewe ndiye uliyenieleza kwamba kisu kinaingia kati ya nyuzi. Zikishalowa kidogo na kukauka zinarudiana, ndiyo maana gogo la baba lilikatiwa mifupa ya ng'ombe na likabaki zima mpaka watoto wake tukakua. Ulijenga kitu cha kupigwa kwa kisu miaka arobaini, kisha ukakivisha nailoni kama kochi la mgeni. Nailoni hiyo itoe leo, isitoshe inafungia unyevu chini yake, na unyevu ndio utakaoiharibu kaunta yako, si mama mkwe. Ukishakatia samaki sugua kwa chumvi na ndimu, futa kwa kitambaa chenye maji ya moto, kausha papo hapo, na paka hayo mafuta yako ya waliofunga choo kila mwezi.

Mama wa Raskazone mwite, na mwite siku ambayo kuna mchicha umekatwa na damu ya samaki bado haijafutwa. Akitaka pambo atafute kwingine. Akitaka kaunta ataijua.

Unauliza uombe radhi au usimame na kazi yako. Umeyafanya mawili wakati ni moja. Kwenda kwa mavyaa hakuifanyi kazi yako kuwa upuuzi, kunaonyesha kwamba hatimaye umejua ni kazi ya nini. Kwa hiyo usipige magoti kwa sura ya mtu aliyeshindwa. Nenda kwa miguu yako, peke yako, usimtume Abdulhakim, usitume salamu, usipeleke kanga wala sukari. Nenda kesho asubuhi kabla hajatoka. Akikukaribisha au asikukaribishe, shikamoo kwanza, kisha mwambie, "Mama, nilikosa adabu, na sikujua ulichokuja kunifanyia. Sasa najua. Njoo unikatie." Usiongeze neno. Usianze kueleza habari za msasa na gundi, utaharibu. Kama atakununia, mwache anune, ana haki ya kununa hata siku tatu, na wewe urudi siku ya nne na maneno hayohayo.

Lakini mimi nadhani hatafika siku ya nne. Mtu aliyekasirika kwa sababu amedharauliwa anahitaji muda, ila mtu aliyeumia kwa sababu alikuja na furaha akafukuzwa, huyo anasubiri tu kuitwa.

Halafu Idd ikifika, fungua mlango wa jikoni. Mawifi wakate vitunguu upande huu, Abdulhakim na nyanya zake upande ule, watoto waweke vikombe wanapotaka, mavyaa akae katikati na nguru wake, na Rahimu mpelekee sahani ya pilau ili apate kusikia visu vikigonga. Wewe ulidhani kaunta yako ilikwisha siku ile ya pima maji. Siku hiyo ya Idd ndiyo utakayoimaliza, na hakuna atakayehitaji kuulizwa kama ni nzuri, maana hakutakuwa na nafasi hata ya kuweka kijiko.