Kamba za Ngamia na Nyuzi za Kichwani

Yusuf mjukuu wangu, asalaam aleikum. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Shangazi yako Halima amejifungua msichana. Amepewa jina la marehemu bibi yako, na anafoka kama yeye.

Umesema zile nyuzi madaktari walizokuwekea kwenye ubongo, ili kompyuta ifanye kazi ya mikono yako iliyopooza, zimelegea. Sasa ukifikiria, kompyuta haikusikii vizuri. Unauliza, "Awowe, babu yangu, niwaambie wazitoe?"

Nikiwa kijana nilipakia ngamia sukari huko Banissa. Siku ya kwanza nilikaza kamba mpaka nikajisifu. Ngamia akasimama, mimi nikatangulia mbele, akatembea kidogo, magunia yakateleza mpaka chini ya tumbo. Watu wakacheka. Mzee Gedi, mwenye msafara, akasema, "Wewe fundi, umemfunga amelala. Akitembea, kamba inalegea. Hapo unasimama, unakaza tena."

"Kwa hivyo sikukosea?"

"Umekosea kutangulia mbele kama bwana harusi."

Yeye mwenyewe alitembea kando ya ngamia, mkono uko kwa kamba.

Mimi ubongo sijui. Lakini hata wewe walikufunga umelala. Waangalie hao madaktari. Wakiwa bado kando yako, waache wakaze. Kama wametangulia, waambie wazitoe, urudi Garissa. Kichwa ni chako. Maziwa ya ngamia yapo, na kikombe nitakushikia mimi.

Babu yako