Kiti Alichonichagulia

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kukufungia ndani kwa kisingizio cha daktari. Mimi ni mzima wa afya, ila kichwa hakijatulia tangu Jumatatu.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Nilikuwa kwenye kamati. Hapa kwenye kampuni yetu ya programu za simu, binti mmoja mwandishi wa programu amelalamika rasmi kwamba wanawake wanadharauliwa, kazi zao zinarudishwa mara tatu na nne huku za wanaume zikipita. Malalamiko ya namna hiyo husikilizwa na watu watatu, na mlalamikaji humchagua mmoja wao. Akanichagua mimi. Wakubwa walishindwa hata kuficha furaha, maana unajua wananiita Mama Kanuni, na miaka kumi na mmoja nimefanya kazi na wanaume wale bila kulalamika hata siku moja. Nami, nisikufiche, niliingia nikiwa nimeshaamua. Nilijisemea kwamba mabinti wa siku hizi wamedekezwa.

Sasa sikia maajabu. Kwetu programu haianzi kutumika kabla mwenzako hajaisoma na kuandika maoni, na maoni hayo hayafutiki. Binti aliyachapa yote ya miaka minne, akaficha majina ya walioandika na waliokosoa, akaacha tu kama ni mwanamke au mwanamume aliyekosolewa. Karatasi mia mbili, Dada, amezipanga peke yake! Alisimama mbele yetu akatoa malalamiko yake kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono imetulia, huku akijua kwamba tukimwona mwongo kibarua kimeota nyasi. Nilipigwa na bumbuwazi. Katika umri wake mimi nisingethubutu hata kukohoa mle ndani.

Tulisoma siku mbili. Kuna maneno yaliyojirudia mara kumi na tisa, yote kwa wanawake: "Andika upya, na mwombe kaka mmoja akuangalizie kwanza." Mwanasheria wa kamati alisema aliyeandika hivyo ana roho mbaya, nami nikaitikia bila kuyatambua maneno yenyewe. Kisha nikafika kwenye karatasi ya programu ya ratiba za mabasi, yenye maneno yale yale. Kazi ile niliisoma mimi peke yangu.

Ni mimi, Dada. Yote kumi na tisa ni yangu. Nilidhani nawakinga wasichekwe na wanaume, kumbe nilikuwa nawafungia mlango kwa mkono wangu. Naona aibu kuandika haya hata kwako.

Nilimfuata binti kwenye korido nikamuuliza kama alijua. Akanitazama bila kinyongo.

"Nilijua, mama. Lakini hapa wewe ndiye pekee unayesoma mpaka mstari wa mwisho."

Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu niliyemkosea. Nilirudi ndani nikawaeleza wenzangu, nikatoka kwenye kamati. Mwanasheria aliinamia karatasi zake asinitazame.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mama akiuliza, mwambie yalivyo, usinipambe. Kesho asubuhi nahojiwa, na kwa utaratibu wetu mlalamikaji ndiye anayeanza kuuliza. Nitamjibu kila swali.

Ni mimi,
mdogo wako akupendaye