Mafiga Meupe ya Mama Mdogo Philomena

Mpendwa Bi Shamsia, shikamoo. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Bibi ninayelala naye chumba kimoja: mimi ndiye niliyewaleta wachimbaji kwenye makaburi yetu, na mtu mwingine anaadhibiwa badala yangu.

Nipo kidato cha tatu, naishi Kemambo. Kila Pasaka ukoo wetu hukusanyika kusafisha makaburi ya wazee nyuma ya boma, tunapalilia, tunapika, tunakula palepale, na mwaka huu nilipokuwa nang'oa majani kwenye kaburi la Babu niliona mwamba mweupe wenye kutu nyekundu, kama ule niliousoma kwenye kitabu cha jiografia, nikaokota kipande nikakitia mfukoni, sikusema kitu kwa sababu nyumbani nikianza kusema watu huanza mazungumzo mengine.

Mwezi wa sita tulienda Sirari kumsalimia shangazi, na pale sokoni kuna mtu anaitwa Ezra anayeuza vitabu vya mitumba, akaniuliza napenda kusoma nini, nikamwambia habari za miamba, akaniacha niseme mpaka mwisho, Bi Shamsia, hakuna aliyewahi kuniacha niseme mpaka mwisho, kwa hiyo nilipotaka kitabu nikawa sina cha kumpa nilimpa lile jiwe. Akaligeuzageuza, akasema, "Chukua kitabu, mwanangu. Hili umelitoa wapi?" Nikamwambia. Mezani kwake kulikuwa na mzani mdogo wa kupimia dhahabu. Niliuona.

Baada ya wiki tatu wageni walikuja na nyundo, baba na baba mkubwa Kisyeri wakaweka sahihi kwa ahadi ya mgawo, mashimo yakaanza. Mwezi wa nane, kwa pesa ya mgawo wa kwanza, tulikodi gari tukaenda mbugani Serengeti kuona nyumbu wakivuka mto, ndiyo mara ya kwanza kwa familia yetu, baba alicheka siku nzima, na mimi nilifurahi, hilo nalo nakiri.

Mwezi wa tisa kaburi la Babu lilipasuka likainamia shimoni. Bibi alisimama pembeni akasema, "Mzee, wamekuhamisha bila kukuuliza." Tangu siku hiyo kila mtu akataka kujua nani alitoa siri, na baba mkubwa akawapeleka wazee kwa mama mdogo Philomena, mjane wa baba mdogo, anayeuza chai na maandazi kwenye njia ya mashimoni, akawaonyesha mafiga yake. Yalikuwa mawe meupe aliyookota makaburini baada ya Pasaka kwa kuwa yalikaa vizuri chini ya sufuria.

"Huyu ndiye aliyeuza wafu wetu," akasema.

"Kisyeri, ningejua yana dhahabu ningeyapikia maandazi?" mama mdogo akajibu.

Watu walicheka, lakini ritongo, ndilo baraza la wazee wetu wa kijiji, likamtenga. Asisalimiwe, asichote maji na wenzake, asikae nasi kwenye shughuli yoyote mpaka alipe ng'ombe ambao hana.

Mwezi wa kumi tulialikwa harusi Mugumu. Mama mdogo alikuwa ameshapanda pikapu, gauni lake amelipiga pasi. Baba mkubwa akamwambia, "Shuka, gari limejaa." Halikuwa limejaa. Kulikuwa na nafasi karibu yangu, na alipogeuka kunitazama niliweka mkoba wangu wa vitabu pale.

Ritongo litakaa tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, na wanasema safari hii ataambiwa ahame na watoto wake. Nikisema, baba atanitoa shule. Nisiposema, kila nikifungua kitabu naona ule mkoba. Nifanye nini?

Msomaji, Kemambo


BI SHAMSIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuhurumia, ya pili nikakasirika. Haya yote usiyaite kosa la aina moja. Kumwambia Ezra lilikuwa kosa la mtoto aliyepata msikilizaji. Lakini mkoba ule uliuweka kwa mkono wako, ukijua.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe ulionyesha jiwe. Hukuchimba. Umeniandikia mwenyewe kwamba baba yako na baba yako mkubwa waliweka sahihi, kisha ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi pale. Makaburi yaliuzwa na watu wazima wenye kalamu, na wanamhitaji mjane mwenye mafiga ili wasiulizwe. Ukinyamaza unawasaidia.

Usikimbilie kwenye ritongo peke yako, hawatakupa nafasi. Anza kwa Philomena, kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndiye uliyemkosea. Kisha mwambie bibi yako. Mjane wa babu yako akisimama, hakuna mzee atakayemwambia akae. Mdomo ukikataa, andika na usome. Kuandika unajua, nimeona. Kuhusu shule, mweleze mwalimu wako mmoja unayemwamini kabla ya Jumamosi, ili baba yako akifanya hasira awepo mtu mzima wa kwenda kuzungumza naye. Siwezi kukuahidi kwamba watakusamehe. Nenda hivyohivyo.


MSOMAJI WA KEMAMBO AMETUANDIKIA TENA

Bi Shamsia, shikamoo. Nilimweleza mwalimu wa jiografia siku ya Jumatano. Alhamisi nilienda kwa mama mdogo, alikuwa anakanda unga, nikasoma karatasi yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Aliendelea kukanda mpaka nikamaliza. Akasema, "Umechelewa. Chota maji."

Nikachota. Usiku nilimwambia Bibi.

Jumamosi Bibi alisimama, nami nikasoma, pamoja na sehemu ya sahihi. Baba mkubwa akasema, "Haya ndiyo matunda ya kusomesha msichana!" Bibi akamjibu, "Kisyeri, kaa. Jibu kuhusu hiyo sahihi."

Akakaa. Wazee wamesema mama mdogo asihame, lakini hawajaamua kama atasalimiwa. Watakaa tena baada ya mavuno. Baba hasemi nami. Ada ya muhula ujao bado hajalipa, mwalimu amekuja mara moja, atakuja tena. Kaburi la Babu limekwisha kuingia shimoni lote.

Asubuhi ya Krismasi pikapu ilikuja kutuchukua twende kanisani. Mama mdogo alikuwa barabarani na watoto wake, hawakumwita. Nilishuka nikamwambia achukue nafasi yangu, akakataa. Nikachukua mkoba wangu, gari likaondoka, tukatembea naye kwa miguu mpaka kanisani.