Kuhusu Sanduku Nililoliacha

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao kabla ya mengine yote. Mguu unaendeleaje? Na ule mkono wa kulia, bado unakusumbua asubuhi, au dawa mpya zimeanza kusaidia? Mama ananiambia umepata nafuu, lakini mama hata nyumba ikiwa inaungua ukimuuliza habari atasema tunamshukuru Mungu, kwa hiyo nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe. Mimi huku sijambo. Nakula vizuri, nalala vizuri, na kile kikohozi kilichonisindikiza siku naondoka kimeshaniacha.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga, ukishaitikia shikamoo yangu unampa mama, halafu nasikia kiti kinasogezwa na wewe unatoka nje. Mama hakunificha. Amesema ulimwambia jirani yetu fundi viatu kwamba ulinilea, ukanifundisha kazi, na siku ya kuondoka nikaliacha sanduku lako la vifaa chini ya kitanda kama takataka. Baba, hilo limeniuma, na najua limekuuma wewe zaidi. Nitakueleza yote. Naomba tu unisome taratibu mpaka mwisho, usije ukaikunja barua katikati ukasema umeshaelewa, maana nakujua.

Nianze na kazi. Baada ya kiwanda cha samani kilichoniajiri kufungwa niliona sina haja ya kuzunguka na vyeti nikibembeleza watu. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vioo, sakafu ya saruji, dirisha moja kubwa linaloleta mwanga mzuri asubuhi. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, ila amenipa sharti moja: akilala mchana hataki kusikia nyundo. Basi saa hizo mimi napiga msasa na kupaka gundi kimya kimya kama mwizi. Kazi ya kwanza niliipata kwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo. Alitaka rafu za kuwekea mabegi na vitabu, akasema zikimpendeza atanipa meza na viti vya shule nzima. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepewa mlango wa kutokea kimaisha, na sina hata msumeno wa kuukatia.

Akiba yangu ilikuwa imeishia kwenye kodi na mbao. Kilichobaki cha vifaa kilikuwa kidogo, na mimi nikakitumia kijinga. Kwenye duka moja la barabarani niliona seti imepangwa ndani ya kisanduku, kila kifaa na kitundu chake, mipini myekundu inang'aa, bei ya kutupa. Nilikibeba kile kisanduku nyumbani kwa madaha kama niliyeposwa. Siku hiyo hiyo patasi ilikutana na fundo la mbao ikajikunja ncha kama bati. Bisibisi ikawa inajizungusha yenyewe ndani ya mpini huku skrubu imetulia inaniangalia. Nyundo ndiyo iliyonitia aibu: kichwa kilichomoka, kikapita dirishani, kikatua kwenye beseni la nguo za mama mwenye nyumba. Alikuja nacho mkononi kinachuruzika povu, akaniuliza kama nina ugomvi na yeye. Nilimwomba radhi, akaondoka, nami nikakaa juu ya mbao nikalia. Si kwa huzuni. Unajua mimi nikikasirika machozi ndiyo hutangulia.

Aliyeniamsha ni mama mmoja anayeuza vifaa vilivyotumika, kavitandaza kwenye turubai pembeni mwa soko. Watu wanamwita Bibi Kutu na yeye anaitikia. Usidhani ni mtakatifu. Siku ya kwanza aliniuzia futi ya kupimia huku akiniombea baraka, na nilipofika nyumbani nikakuta ncha yake imekatika. Nilimrudia mbio, tukagombana mpaka watu wakasimama kutazama, kisha akaangua kicheko na kunibadilishia. Nikamwuliza basi, kati ya lundo hili, kipi kizuri. Jibu lake nitakuandikia kama alivyolitoa:

“Mwanangu, usiniulize kipi kizuri. Vyote nitakwambia vizuri, ndiyo biashara. Niulize kipi watu wanakirudisha.”

Tangu siku hiyo hilo ndilo swali langu kwa kila mtu. Namwuliza fundi rangi, fundi bomba, mchomeleaji wa mtaa wa pili: kifaa gani ulinunua kwa bei ya chini ukakirudisha, na kipi ulinunua ukasahau hata lini ulikinunua? Kile kilichosahauliwa ndicho ninachokifuata. Watu hawaoni aibu kusema walipopigwa, wanasimulia mpaka mate yanawaruka. Nimejifunza kwamba vibanio vya kubania mbao hata vya bei ya chini vinatosha, mradi skrubu yake iwe nene. Nyundo nayo si lazima iwe ya jina kubwa, ila uitazame kwa juu uone kama mpini umepenya kichwa chote na kukazwa kwa kabari. Seti usiguse, nunua kimoja kimoja. Keekee ya umeme, ile ya kutobolea mbao, sikununua kabisa. Naazima kwa mchomeleaji, na mimi nikamrekebishia mlango wake uliokuwa ukisugua sakafu.

Randa ilinifundisha jambo jingine. Nilinunua mpya, ya bei ya chini, kwa kuwa wengi walisema hawajairudisha. Nikaiweka juu ya mbao, nikasukuma, ikakwaruza tu. Nikasema nimepigwa tena. Nilikuwa tayari kuitupa, kumbe kosa langu ni la mtoto wa fundi: nimekulia kwenye nyumba ambayo randa ilikuwa kali kila siku, nikadhani randa huzaliwa kali. Sikuwahi kukuona ukinunua mpya. Mwenye duka la vioo akanipa kipande kinene cha kioo, nikabandika msasa juu yake, nikaisugua tumbo ile randa mpaka ikang'aa kote, kisha nikainoa kisu chake mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkononi. Niliposukuma tena, utepe wa mbao ulitoka mwembamba mpaka mwanga unapita. Nilicheka peke yangu. Leo ile randa siiuzi hata kwa mara tatu ya bei niliyoinunulia.

Sasa nisikufiche na lililoniharibikia. Skwea, kile chuma cha kupimia pembe, niliinunua kwa haraka na sikuijaribu. Nikakata, nikaunganisha, nikagandisha, nikazipanga rafu zote katikati ya chumba. Baba, zilipendeza. Zilisimama sawasawa kama askari kwenye gwaride, kwa sababu zote zilikuwa zimeinama upande mmoja. Kule shuleni tukaziegemeza ukutani, na pale juu ukabaki mwanya wa kupitisha ngumi. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, akaniuliza kwa adabu kabisa kama hiyo ni mitindo ya siku hizi. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwomba anirudishie zote, akanipa muda mpaka shule ifunguliwe, akasema zikija zimeinama tena atatafuta mtu mwingine.

Nilipofika karakana nikafanya ulichonifundisha nikiwa mdogo. Nikachora mstari kwa skwea, nikaigeuza, nikachora mwingine pale pale. Mistari ikaachana kama miguu ya mkasi. Nilisahau kuijaribu kwa sababu skwea yako haijawahi kunidanganya hata siku moja. Nikanunua nyingine kwa Bibi Kutu, na safari hii nilichora mistari pale pale kwenye ubao wake huku ananisonya. Kisha nikazifumua rafu, nikakata maungio upya. Mbao zilipungua kimo, sikuwa na la kufanya. Nikazipeleka roho mkononi. Mwalimu mkuu akaweka begi juu, akalitoa, akasema afadhali hizi, zile za mwanzo watoto wasingezifikia. Nikaitikia kwa kichwa kama vile ndivyo nilivyopanga tangu awali. Meza na viti amenipa. Ni kazi ya muhula mzima, baba, na nusu ya malipo nimeshapokea kwa ajili ya mbao.

Umeona basi, vifaa vimepatikana na kazi inakwenda. Kitu kimoja tu bado kinanisumbua, misumeno. Mipya ya bei ya chini inakata vizuri mwanzoni, lakini meno yake yamechomwa kiwandani mpaka tupa ya kunolea haiyashiki. Ikishakuwa butu ni ya kutupa. Bibi Kutu ana lundo la ile ya zamani, chuma chake ukikigonga kinalia, ila yote ni butu na huku hakuna anayejua kuinoa kwa mkono. Anaiuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Mimi nilijaribu mmoja. Meno niliyanoa, kuyapinda moja kushoto moja kulia nikashindwa, na sasa kila nikikata unakwenda kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Hiyo ndiyo kazi ambayo hukuwahi kuniachia. Ulisema mikono yangu ina haraka, na ulisema kweli.

Sasa nikwambie la sanduku.

Jioni ya kuniaga uliliweka mbele ya watu wote ukasema, “Msumari, chukua. Mimi kazi imeniacha, sasa vifaa hivi ni vyako.” Nilifurahi mno. Usiku nililala nimeliweka miguuni. Alfajiri nikaamka nikakuta halipo. Nikakufuata stoo, mlango ulikuwa wazi kidogo, nikakuona umelifungua. Ulikuwa unafuta kifaa kimoja kimoja kwa kitambaa cha mafuta na kukirudisha mahali pake, ili nikipokee kikiwa safi. Nilitaka kuingia nikusaidie. Lakini nikaitazama mikono yako. Baba, mikono hiyo tangu ugonjwa uingie haishiki kikombe bila kumwaga, na alfajiri ile ilikuwa imetulia. Ulichukua randa, ukaipitisha mara moja kwenye kipande cha mbao, utepe wa mbao ukatoka mrefu, ukaukunja ukautia mfukoni mwa shati. Kisha ukalifunga sanduku, ukakaa umeliinamia.

Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala ulipolirudisha. Niliogopa kwamba nikiondoka na sanduku lile, siku nitakayorudi nitakukuta umekaa tu kwenye kiti, unasubiri chakula na dawa. Kukwambia sikuweza, maana ungenikatalia na ungelipakia kwenye gari mwenyewe. Basi nikalisukuma chini ya kitanda, nikaondoka mikono mitupu. Kila nilipokwama huku, nyundo ilipochomoka, patasi ilipojikunja, nilijua kuna kifaa kizuri nyumbani kinachoitwa changu, na sikujuta. Sikuliona takataka. Niliona bado lina mwenyewe.

Mjomba anayekuletea barua hii amebeba pia misumeno iliyofungwa kwenye gunia. Mmoja ni wangu, ule uliopasuka mpini. Naomba uanze na huo, maana viti vinaningoja. Iliyobaki ni ya Bibi Kutu. Nimemwambia namjua fundi wa kuinoa, akasema ataamini akiiona inakata. Ikikata, ataiuza kwa bei ya msumeno badala ya bei ya chuma chakavu, na ziada mtagawana, na anasema nyuma yake kuna lundo zima. Sikutumii misumeno hii kukuliwaza. Nimeshamwapia, na usipoinoa wewe ni mimi nitakayeadhirika. Mkono ukichoka, weka tupa chini, endelea kesho. Na ukiona huwezi, mpe mjomba airudishe bila maelezo, nitakuelewa.

Ombi langu la mwisho ni hili. Usinipe tena lile sanduku mpaka siku utakaponipa kwa sababu umechoka kazi mwenyewe, si kwa sababu daktari na majirani wamekwambia imekuacha. Siku hiyo nitalipokea kwa mikono miwili na nitalibeba kichwani mbele ya mtaa mzima.

Mpe mama salamu zangu nyingi, mwambie asikuzuie kukaa stoo, akupelekee chai huko huko kwenye kikombe kisichojaa sana. Msalimie jirani fundi viatu, na umweleze vizuri habari ya mwanao, maana alisikia upande mmoja tu. Dada na watoto wake nawabusu. Mungu akupe nguvu ya mguu na utulivu wa mkono.

Ni mimi mwanao, na bado fundi mwenzako,

Msumari