Chipukizi la Mvule Limekupita

Papa,

Limekupita. Naanza na hilo, maana najua ungeuliza kabla hata ya salamu. Jana niliusimamisha ule uzi wa urefu wako kutoka kwenye udongo mpaka ukaisha, na chipukizi la mvule likabaki linaendelea juu, majani mawili zaidi. Nilipima mara tatu. Halafu nikakaa chini pale kisiwani nikalia kama mtoto, mimi mama wa watoto wanne.

Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda shambani Mikelenge, na ukimkataza ananuna siku nzima. Shabani anabeba abiria kwa pikipiki, amenenepa. Kiti chako hakuna anayekikalia. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu.

Kofia yako ya ulinzi naivaa mimi, inanishuka mpaka machoni. Kila juma navuka, nazungukia makaburi ya wale waliotangulia kukaa kwenye mto huu, naangalia kama kuna aliyewasha moto au kutega mtego. Kibao cha serikali kinachosema kisiwa kinalindwa kimeshika kutu. Watu hawakukiogopa hata kilipokuwa kipya. Wanachoogopa ni ile sheria ya zamani, kwamba anayekata mti pale hakanyagi tena kisiwa mpaka kisiki kichipue, na chipukizi limpite yeye mwenyewe urefu.

Na wewe, mlinzi, ulikata.

Bado nasikia lile shoka. Vita ilikuwa imeingia Kindu, tukakimbilia kisiwani familia saba, na mtu aliyetuvusha akasema atarudi kesho. Hakurudi. Mihogo iliisha. Mama alikuwa na mimba ya Shabani, miguu imevimba. Ukauchagua ule mvule mkubwa uuchonge mtumbwi, na ulifanya kazi mvua inaponyesha tu, ili shoka lisisikike bandarini kwa wenye bunduki. Mvua ikikatika, unakaa umeshika mpini, unangoja. Mimi nilikuwa naokota vibanzi na kuvificha chini ya majani. Ulituvusha wote mpaka ng'ambo ya pili, safari baada ya safari, na hakuna hata mmoja aliyezama.

Amani iliporudi wazee walikuambia, "Ile ilikuwa vita." Walikuwa wamekusamehe, Papa! Lakini wewe na ukaidi wako: "Nilimufukuza Ramazani kisiwani kwa sababu ya muti wa kasia tu. Mimi njo nani?" Ukasimama ukutani, ukaniagiza nikate uzi kutoka kisiginoni mpaka utosini. Tangu siku hiyo nikawa miguu yako na macho yako kisiwani.

Miaka mingi kisiki kilikaa kimya. Machipukizi ya kwanza yalichukuliwa na mafuriko. Hili lilipotoka, kila nikirudi nilikukuta mlangoni. "Imefika wapi?" Kwenye goti, Papa. Kwenye mkanda. Kifuani. Na wewe kila mara: "Usinidanganye, mama. Mimi njo nitakanyaga kule."

Mara ya mwisho uliuliza ukiwa umelala, pumzi imekuwa fupi. Ilikuwa imebaki shubiri moja. Shubiri moja tu! Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mzuri kabisa, ungekutosha kufa kwa amani. Nikasema, "Bado shubiri moja." Ukafumba macho, ukasema, "Basi, tutangoja."

Siku mbili baadaye ulituacha. Walinzi wote waliokutangulia wamelala kisiwani, wewe tulikuzika Mikelenge kwa sababu ya shubiri. Nimejichukia, Papa. Nimekuchukia na wewe kidogo, nisamehe. Mama aliponiona sili akaniambia, "Ungemudanganya, angejua. Angekufa na aibu." Sijui kama ni kweli. Nimeshika hayo kwa sababu sina mengine.

Kesho asubuhi tutakwenda. Wazee wamekubali. Tutachukua udongo wa kaburi lako kwenye bakuli lako la kulia, na Mzee Ramazani ameomba alibebe yeye. Mti wake ulimpita zamani, unakumbuka, akarudi kisiwani kabla yako. Atakayepiga kasia ni Shabani, uliyemvusha akiwa tumboni.

Tukifika sitashuka kwanza. Nitamwaga udongo wako ukingoni kabla mguu wangu haujagusa, na mwingine nitauweka chini ya chipukizi. Uzi nitaurudisha nyumbani, nitaufunga kwenye kofia. Nakuahidi nitapima kila mtu kama nilivyokupima wewe, na sitamsamehe yeyote hata shubiri, hata akiwa mwanangu.

Kwaheri, Papa. Sikukudanganya.

Kanyaga.

Binti yako,
Zaina