Mama Yako Alivyokwenda Kukagua Kampuni

Nyuma ya Soko la Maua,
Madurai.
3 Februari 2024

Mpendwa mpwa wangu Kathiravan,

Pokea salamu zetu. Natumai baridi ya Toronto haijawagandisha masikio, na kwamba mkeo Vasuki na mtoto hawajambo. Mimi ni mzima isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana.

Najua unangoja habari za dada yako Poongodi. Baba yako alimpa muda hadi sikukuu ya mavuno, Pongali ya Januari: apate kazi ya kuandika programu, au akubali posa ya yule kijana wa Tirunelveli. Na unamjua shemeji yangu, akishasema amesema.

Poongodi alichoka kutuma maombi yasiyojibiwa. Akaamua waajiri wamfuate wao. Alifungua ukurasa mtandaoni, akaweka programu yake inayowapa wakulima bei ya asumini kila asubuhi, na chini yake akaeleza jinsi alivyoitengeneza na mahali alipokosea. Hilo la kutangaza makosa lilinishangaza.

"Mjomba, huko kila mtu anajisifu," aliniambia. "Anayesema alipokosea ndiye anayesomwa."

Mama yako alipouona ukurasa alishika kichwa. Picha ilikuwa ya miwani na nywele timtim! Poongodi alipokwenda kuoga na kuacha kompyuta wazi, mama yako akaibadilisha. Akaweka ile ya studio, ya sari ya hariri na maua kichwani, tuliyowapelekea watu wa Tirunelveli. Mtu anayesambaza picha za harusi kwa ukoo mzima hashindwi na ukurasa mmoja. Akaongeza nyota ya kuzaliwa, urefu, na namba yake mwenyewe ya simu, maana binti wa kwetu hapigiwi na wageni moja kwa moja.

Basi Bi Hemalatha, anayetafuta wafanyakazi wa kampuni moja ya Chennai, aliisoma programu ya asumini, akaipenda, akapiga simu. Akampata mama yako. Nilikuwepo, nakunywa kahawa.

"Ningependa kuongea na Poongodi kuhusu kazi."

"Ongea na mimi kwanza. Wasichana wengine wapo huko? Wanatoka saa ngapi? Na huyo bosi wenu, hanywi?"

"Dada, njoo ujionee," Hemalatha akacheka.

"Nitakuja. Kwetu mtoto hatolewi nyumba anayokwenda haijaonwa."

Poongodi alilia, akaona kazi imekwenda na maji. Haikwenda. Walimsaili, wakamkubali Pongali ikiwa mlangoni. Lakini baba yako akasema hatatia neno mpaka mama aridhike, na mama akashikilia safari. Nikampeleka kwa treni.

Pale ofisini hakutazama kompyuta hata moja. Alikwenda jikoni, akafungua kabati, akanusa maziwa. Akakagua vyoo. Akakaa na mwanamke anayefagia, wakaongea mpaka nikasinzia kitini.

Tuliporudi, baba yako aliuliza, "Haya, na watu wa Tirunelveli tuwaambieje?"

"Waambie hapana. Nilipokwenda kuiona nyumba yao niliambiwa nikae sebuleni, jikoni nikazuiwa. Chennai wamenifungulia hata kabati la vikombe."

Poongodi alimkumbatia mama yake. Mimi nilifurahi, nakwambia kweli, nikatoka nje kufuta miwani. Ameanza kazi Jumatatu. Picha ya sari bado ipo, Poongodi mwenyewe amekataa kuiondoa.

Baba yako anakusalimu, na shangazi yako Ponnammal pia. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Jambo moja mama yako kanituma nikuulize: jiko la hapo unapofanya kazi likoje, na maziwa yao ni mazuri? Anasema wewe ulitolewa nyumba haijaonwa, na tangu hapo hajalala vizuri.

Wako akupendaye,
Mjomba Sundaravel